Hatujaja Kuposa

Katika mji wetu wa Idi-Agbon, wageni wakiingia nyumbani kwako wamevaa vizuri, wakapokea maji, kisha wakauliza kama humu ndani kuna mtu anayeanguka, au aliyepooza mkono, au aliyewahi kurukwa na akili, huna haja ya kuwauliza wametumwa na nani. Wamekuja kwa ajili ya binti yako. Kuna kijana mahali fulani anataka kuoa, na ukoo wake hauwezi kuleta hata kiazi kikuu kimoja cha posa kabla ya kujua kama damu yenu ni safi. Nawe utajibu kama babu zako walivyojibu: kwetu hakuna kitu, hakijawahi kuwepo kitu, sisi hata mafua tunayasikia kwa majirani.

Basi watu wa hospitali walipokuja kuhesabu magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, wakipita nyumba kwa nyumba na viatu vyao vya kung'aa, walipokea maji wakauliza maswali yale yale. Nani anaanguka? Nani anatetemeka mikono? Nani amepooza upande? Nani anaumwa kichwa nusu mpaka anatapika? Nasikia walijieleza vizuri kwamba wametoka hospitali. Mji mzima ukaitikia, ukajisemea moyoni kwamba washenga wa siku hizi wana mbinu, ukawadanganya kwa adabu zote.

Mimi ni mmoja wa wale ambao hawakuwepo. Naitwa Asabi, na nina kifafa. Nilianza kuanguka nikiwa msichana mdogo, na tangu hapo nimefanyiwa kila kitu ambacho watu hukifanya wakiogopa. Nimenyweshwa mkojo wa ng'ombe uliolowekwa tumbaku. Miguu yangu imesukumwa motoni ili nizinduke, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilibaki huko huko. Mkono huu wa kulia uliungua siku nyingine, nilipoliangukia karai la kukaangia unga wa muhogo. Banda lilijaa wanawake na hakuna aliyenivuta, kwa sababu kwetu wanaamini povu la mdomo wangu likimgusa mtu, naye ataanza kuanguka. Walisimama kando wakiniombea kwa Mungu. Sikuwachukia kwa kuniombea, niliwachukia kwa kusimama.

Mwaka ule mdogo wangu Bolajoko alipata mchumba, fundi redio wa mtaa wa juu anayeitwa Adewuyi. Wazazi wetu walikwisha kufariki, na mkuu wa nyumba alikuwa baba mdogo Lasisi, mdogo wake marehemu baba. Aliniita asubuhi nikiwa nafagia uani.

"Asabi, chukua mkeka wako uende shamba," alisema. "Ni mpaka harusi ya mdogo wako ipite."

"Ulisema hivyo hivyo harusi ya binti yako Silifa ilipokuja. Nikakaa huko mpaka Silifa akajifungua."

"Usinipandishe presha, mwanangu."

"Jihadhari, baba. Presha nayo siku hizi wanaiuliza. Tutakwenda shamba wote wawili."

Hakucheka. Nilipoondoka tu alianza kuwaambia watu kwamba niko Cotonou nauza vitambaa, na kwamba biashara inakwenda vizuri.

Kila ukoo wa kwetu una nyumba mjini na vibanda shambani. Vibanda ni vya msimu wa kulima, wenye nyumba hulala humo jembe likiwa mkononi, kisha hurudi mjini. Sisi wengine hulala humo mwaka mzima. Jirani yangu wa upande wa kijito alikuwa Mama Risi, aliyepigwa na kiharusi akabaki na neno moja tu la kusema, "vizuri", na akilisema kwa hasira unajua kabisa kwamba si vizuri. Watoto wake walitangaza amekwenda Hija. Ulikuwa mwaka wa pili na msafara wake haujarudi.

Ng'ambo ya njia alikuwepo Mzee Gbadamosi. Huyu alikuwa fundi wa majoho makubwa, anayetafutwa na watu wa mbali, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka akajishonea kidole kwenye joho la bwana harusi. Kisha hatua zikawa fupi, uso ukakauka, akawa anacheka bila uso kujua. Watu wake walisema amehamia Lagos kwa bintiye. Tulikuwa tukimenya muhogo pamoja, yeye akishika mihogo mikubwa tu kwa sababu midogo ilimponyoka.

Siku Bolajoko aliponiletea sabuni na chumvi, ndipo tulipojua. Alipolitaja jina la baba mkwe wake mtarajiwa, Alhaji Raufu, Mzee Gbadamosi aliweka kisu chini.

"Raufu yupi? Yule mwenye duka la mabati?"

"Ndiye huyo, mzee."

"Huyo ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Nikamtazama Bolajoko, Bolajoko akanitazama, na mimi nikaanza kucheka mpaka nikashika mbavu. Ukoo wao ulituma watu mtaani kwetu kutuchunguza, na baba mdogo naye alituma watu mtaani kwao.

"Kwa hiyo wewe ni mkwe wangu," Mzee Gbadamosi alimwambia Bolajoko. "Wamezunguka mji mzima wanatafuta majibu, na majibu yenyewe yako hapa yanamenya muhogo."

Bolajoko hakucheka sana. Alikaa juu ya gogo, akatuambia habari nyingine, akidhani nayo ni ya kuchekesha. Alikutana bombani na nesi mmoja wa wale wahesabuji, Nesi Ebun. Nesi alimwambia mji wetu una afya ya ajabu. Walikuwa wametafuta mahali pa kufungua chumba cha dawa chenye nesi wake wa kudumu, kwa ajili ya watu wa kifafa na kiharusi na maradhi ya namna hiyo, lakini kwa hesabu waliyoipata, chumba hicho kitapelekwa mji mwingine wenye wagonjwa. Jumamosi wanafunga kazi.

"Na kifafa kina vidonge vyake, dada," aliongeza. "Anasema ni bei ndogo. Unameza kila siku. Wengi wanaacha kabisa kuanguka."

"Sema tena."

"Vidonge. Si sindano wala nini."

Niliutazama mkono wangu. Vilikuwepo vidonge. Miaka yote ile ya mkojo wa ng'ombe vilikuwepo, mahali fulani, ndani ya chupa, na watu wa miji mingine walikuwa wanavimeza na chai. Nilisikia hasira ikinipanda, na ilikuwa hasira safi, haikuwa na huruma hata kidogo ndani yake.

"Jumamosi nakwenda kuhesabiwa," nilisema.

"Jumamosi ndiyo siku ya utambulisho, dada. Ukoo wa Adewuyi wanakuja nyumbani."

"Wao waende nyumbani, mimi nakwenda shuleni walikofikia wahesabuji."

"Utaonekana. Mji mzima utajua." Akaanza kulia. "Ningoje niolewe kwanza, dada. Ukishaolewa hawawezi kukurudisha."

"Hesabu haingoji. Chumba kikienda kwingine kimekwenda."

"Nitakosa mume."

"Na mimi nitakosa mkono wa pili. Au nitakosa vyote, Bolajoko, nikiangukia moto siku niko peke yangu."

Aliondoka bila kuaga. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na nilimwacha aende akilia, kwa sababu safari hii nilijipenda na mimi.

Jumamosi nilivaa gauni langu la mikono mifupi, ili kovu lionekane. Mzee Gbadamosi alikuwa amekwisha kuvaa, ananingoja njiani na fimbo yake. Mama Risi alikuwa hawezi kutembea, lakini alinishika gauni akalivuta, akasema "vizuri" kwa ukali. Nikamwambia nimesikia, nitamtaja.

Tulitembea polepole kwa ajili ya hatua za Mzee. Tulipoingia mjini, muuza bajia alisimama na kijiko mkononi.

"Asabi! Umerudi lini Cotonou?"

"Leo asubuhi. Vitambaa vimekwisha."

"Na wewe Mzee Gbadamosi? Lagos hawajambo?"

"Lagos inatetemeka," alijibu Mzee, akampungia mkono ule unaocheza.

Shuleni, Nesi Ebun alikuwa anafunga maboksi. Ni mwanamke mnene, mpole, aliyechoka kudanganywa. Nilipiga magoti nikamsalimu, nikamweleza mimi ni nani na naishi wapi. Aliposikia jina la baba mdogo alisimama.

"Nyumba ile nilikwenda mwenyewe. Mkuu wa nyumba aliniambia wote wazima."

"Alidhani umekuja kuposa."

"Kuposa nini?"

Nikamweleza. Alikaa juu ya boksi, akashika kichwa, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akaniambia ukweli: hawezi kuniongeza hivi hivi. Wanahesabu kwa nyumba. Akichukua mtu aliyekuja njiani, wakubwa watasema ameokota watu sokoni ili hesabu ipande. Mtu wa nyumba yetu mwenye sauti lazima anitambue mbele yake.

"Basi twende akanitambue," nilisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi wapo wote."

Nyumbani palikuwa na turubai, viti, ngoma, na harufu ya wali na samaki. Nyuma ya ukuta Mzee Gbadamosi alinishika bega.

"Ngoja niingie mimi kwanza," alisema. "Raufu akiniona, itabidi aone aibu. Baba yako mdogo atajua hata wao wana wa kuficha, na atakujibu bila taabu."

Alikuwa sahihi, na ingekuwa rahisi sana. Lakini nilikataa.

"Nataka anijibu akiwa bado na kitu cha kupoteza, mzee. Jibu la bure silitaki."

Nikaingia na Nesi Ebun. Bolajoko alikuwa amepiga magoti katikati, na kilemba chake cha rangi ya divai, akipokea baraka. Viazi vikuu vilikuwa vimepangwa kwa lundo, na asali, na chumvi, na kokwa za kola za kutafuna. Alhaji Raufu amekaa mbele, joho limejaa kiti, mkewe pembeni yake. Ngoma zilinyamaza, moja moja.

"Samahanini sana," alisema Nesi Ebun. "Mzee Lasisi, ni swali moja tu, nami nitaondoka. Dada huyu anasema ana kifafa na ni mtu wa nyumba hii. Ni kweli?"

Baba mdogo alitazama viazi. Akawatazama wageni. Mwisho akanitazama mimi, na akanitazama kwa muda kiasi kwamba nilidhani atasema kweli.

"Huyu ni mfanyakazi," alisema. "Tumemwajiri shambani, anakaanga muhogo. Ana matatizo kidogo, husema ovyo."

Iliniuma. Sitajifanya shujaa hapa. Mtu huyu alikuwa akinibeba mabegani nilipokuwa mdogo ili nione wacheza ngoma waliovaa vinyago, na ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa kokwa za kola. Nilitaka kukaa chini, nikajiambia nisikae isipokuwa mahali ninapopajua.

Kwenye baraza la nyumba yetu kuna kaburi la baba yangu, limesakafiwa kwa saruji, kama ilivyo desturi yetu kuwazika wakubwa nyumbani. Nilikwenda nikakaa juu yake, mbele ya wageni wote.

"Aliye hapa chini ni baba yangu," nilisema. "Mfanyakazi hakalii kaburi la tajiri wake. Anayeona nimekosea, aje aniondoe. Anishike tu, aninyanyue."

Hakuja mtu. Vijana wenye nguvu walikuwepo tele, na kila mmoja alitazama mdomo wangu, akabaki kwenye kiti chake. Siku hiyo woga wao ulinifaa.

Najua unangoja nianguke. Kila ninapoisimulia habari hii watu husogea mbele wakingoja povu. Sikuanguka. Ugonjwa wangu hautumikii wageni, nami nilikuwa na akili zangu zote nilipomwona mdogo wangu anasimama.

"Ni dada yangu," Bolajoko alisema. "Baba mmoja, mama mmoja. Anaanguka tangu sijazaliwa. Nesi, mwandike."

"Kaa chini, mtoto," alisema baba mdogo.

"Sikai, baba. Nimekaa ya kutosha. Na kama Adewuyi ananitaka kwa sababu dada yangu yuko Cotonou, basi akaoe Cotonou."

Mahali fulani nyuma mtu alicheka akajikohoza. Machozi yalikuwa yanamtiririka Bolajoko yakiharibu poda, lakini sauti haikutetemeka. Mama yake Adewuyi alikuwa amekwisha kusimama.

"Baba Adewuyi, umesikia kwa masikio yako? Anaanguka. Kusanyeni vitu twende. Ukoo wetu hauna mambo haya."

Ndipo Mzee Gbadamosi alipoingia langoni. Alikuja kwa zile hatua zake fupi, fimbo ikigonga, kichwa kikiitikia kitu ambacho hakuna aliyekisema. Ilimchukua muda kufika. Joho alilovaa Alhaji Raufu siku hiyo, lile la darizi shingoni, lilishonwa na mikono hiyo.

Nesi Ebun alimwangalia, akaelewa, akauliza kwa sauti ndogo, "Na huyu ni wa nyumba gani?"

Mama yake Adewuyi alimvuta mumewe mkono wa joho. Njia ya kutokea ilikuwa wazi, baba mdogo alikwisha kuionyesha: mfanyakazi, husema ovyo. Nilimwona Alhaji akiifikiria. Kisha akautoa mkono wa mkewe taratibu, akavua kofia, akashuka. Mtu mzima yule, mwenye duka la mabati na magari mawili, alilala kifudifudi mchangani mbele ya kaka yake, kifua chini, kama kijana wa kwetu anavyomwamkia mkubwa wake. Hakuna anayemwamkia mfanyakazi hivyo.

"Kaka," alisema akiwa chini.

"Inuka, Raufu. Utalichafua joho, na mimi siwezi tena kushona jingine."

Alhaji akainuka, vumbi limejaa kifuani, akamgeukia nesi. "Ni wa kwangu. Mikono imemtetemeka miaka. Nimemficha mimi. Mwandike kwangu."

Nesi Ebun akaandika. Ndipo baba mdogo Lasisi alipomsogelea, akamwambia kwa kunong'ona, ingawa sote tulisikia, "Na huyu Asabi, andika kwamba nimesema mimi. Mimi ndiye mkuu wa nyumba."

Nesi alinitazama.

"Bolajoko amekwisha kusema," nilijibu. "Acha ilivyo."

Jioni yake baba mdogo alinifuata jikoni kuniomba radhi. Nikamwambia bado. Mpaka leo bado, na tunasalimiana vizuri, nampelekea na supu akiumwa.

Ukoo wa Adewuyi uliondoka bila kula, ukarudi baada ya mabishano marefu, na mdogo wangu akaolewa. Mama mkwe wake hanipendi. Simlaumu, mimi pia simpendi.

Wakubwa wa Nesi Ebun walipopata habari hizo, hesabu ilirudiwa mji mzima, na safari hii yeye aliniomba nitembee naye. Mimi ndiye niliyebisha hodi. Mlango ukifunguliwa, kabla maji hayajaletwa, nilikuwa naonyesha mkono wangu ulioungua na kusema, "Hatujaja kuposa. Mimi ni Asabi, naanguka. Nani wa kwenu?" Wengine walitufungia. Wengine walitazamana, kisha mzee mmoja akasema kuna mama amefichwa huko nyuma. Kuna mwalimu aliyekuwa akifundisha mapazia yamefungwa kwa sababu ya kipandauso. Kuna watoto wanaoanguka waliotangazwa wako Accra, na wenye kiharusi waliotangazwa wako Abuja, na Mama Risi wetu akarudishwa toka Hija. Hakuna mtaa uliotoka mtupu. Ile nyumba ya muuza bajia peke yake ilikuwa na watatu, naye ndiye aliyeniuliza habari za Cotonou. Chumba cha dawa kikafunguliwa nyuma ya soko letu.

Sasa nameza kidonge kila asubuhi. Bado naanguka mara moja moja, si kama zamani. Nimerudi kulala katika chumba cha baba yangu, na nimerudi kwenye banda la kukaangia muhogo, pale pale nilipoungua. Wanawake wale bado wapo. Siku ya kwanza nilipoketi, walisogeza vigoda vyao kando, kidogo kidogo, wakijifanya wanakimbia moshi. Bado husogea. Wakisogeza vyao, nami nasogeza changu, mpaka tunagusana magoti.